Chukudu na skate: historia ya kushuka mlima bila kuanguka

Wiki hii ni zamu yangu ya kuandika. Mara ya mwisho dada yetu aliandika juu ya historia ya vitambaa vya mama zetu, na watu walifurahi. Mimi nitaandika juu ya kitu ambacho wengi wetu tulikipanda tukiwa watoto na leo tunaona aya kukitaja mbele ya marafiki wa Kigali: chukudu. Nitaandika pia juu ya skate, ule ubao wa magurudumu manne ambao vijana wa kizungu wanashukia milima. Msicheke. Hivi vitu viwili ni ndugu, na nililijua hilo siku nilipofanya kosa.

Wacha nianze na kosa lenyewe.

Mnajua kambini kwetu ni mlima mtupu. Vijana wa miaka 12 mpaka 15 walitengeneza vibao vya kushukia. Ubao mmoja, kipande cha mti mbele, kipande cha mti nyuma, na rulma nne za chuma, zile wengine wanaita beringi, walizookota kwa mafundi wa pikipiki. Kipande cha mbele kinageuka kwa kamba au kwa miguu. Cha nyuma kimepigwa misumari, hakitikisiki. Mimi ni mtu wa kujitolea upande wa vijana, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kuwaangalia tu wasiumie. Lakini nilikuwa nimeangalia video kwenye simu, watu wanashuka na skate barabara ya lami kama ndege. Nikaona skate inageuka mbele na nyuma pia. Nikajifanya mwalimu. Nikawaambia: "Nyie mnakosea, nyuma pia igeuke, ndiyo kisasa." Tukatoa misumari, tukaweka bolti moja katikati na vipande vya mpira wa tairi, pande zote mbili.

Pale juu, polepole, kilikwenda vizuri sana. Kiligeuka kama nyoka. Kijana mmoja wa miaka 14 akasema ataanzia juu kabisa, karibu na tangi la maji. Katikati ya mteremko kibao kikaanza kutetema, kushoto kulia, kushoto kulia, kila mara zaidi. Kikamtupa. Alivunjika mkono. Nilimbeba mgongoni mpaka kituo cha afya na njia nzima sikusema neno.

Jioni akaja mzee mmoja ambaye sote tunamwita Fundi. Alikuwaga fundi wa chukudu upande wa Rutshuru kabla ya vita kutuleta huku mwaka 2012. Aliokota kile kibao, akakigeuza, akashika nyuma, akauliza pole tu: "Nani aliwaambia nyuma igeuke?" Vijana waliniangalia. Nikasema ni mimi, mzee. Hakunigombeza. Alisema: "Kesho uje na kalamu."

Haya ninayoandika yalianzia pale.

Chukudu yetu

Kwa wale waliozaliwa huku na hawajaiona: chukudu ni kama baiskeli ya mbao isiyo na pedali wala kiti. Ina magurudumu mawili ya mbao yaliyovikwa mpira wa tairi la zamani, ina rulma ndani, ina usukani wa mti mrefu kama pembe za ng'ombe. Mtu anaweka goti moja juu ya ubao na kusukuma kwa mguu mwingine. Kwenye mteremko hasukumi, anapanda tu na kushuka. Breki ni kipande cha tairi juu ya gurudumu la nyuma, unakikanyaga kwa mguu. Fremu ni mti mgumu na mikaratusi. Fundi mzuri anaitengeneza kwa siku moja mpaka tatu, na ikitunzwa inafanya kazi miaka miwili au mitatu. Ile ya kawaida ina urefu wa karibu mita 2 na inabeba kilo 400 na zaidi. Wazee wanasema jina ni mlio wake tu: chu-ku-du, chu-ku-du, juu ya mawe.

Ilianza miaka ya 1970 huko Kivu ya Kaskazini, wakati nchi inaitwa Zaire. Mwaka 1973 Mobutu alitangaza kuchukua biashara za wageni na kuwapa watu wake. Mwaka 1974 bei ya shaba ikaanguka. Hela ikapotea, vipuri vikapotea, magari yakasimama, barabara zikaharibika. Lakini viazi vilikuwa vinaota palepale Kibumba na mashu yalikuwa yanaota palepale, na watu wa Goma walikuwa wanataka kula. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Kibumba, ubavuni mwa Nyiragongo, iko mamia ya mita juu zaidi. Kwa hiyo asubuhi mzigo unashuka kwa uzito wake wenyewe, na jioni chukudu tupu inasukumwa kurudi juu. Mafuta hayahitajiki. Mlima ndiyo injini.

Mwezi wa 1 mwaka 2002 volkano iliingia mjini Goma. Watu walijenga upya juu ya mawe meusi, na chukudu zilibeba mbao, maji na mawe. Mwaka 2009 mji ukaweka sanamu kubwa ya rangi ya dhahabu ya mtu anayesukuma chukudu, pale Rond-point Chukudu. Sijui ni miji mingapi duniani imeweka juu ya nguzo yake mtu wa mzigo badala ya jenerali.

Hapa Rwanda pia kuna ndugu yake, wanaiita igicugutu, na ilibeba sana viazi na ndizi kwenye milima hii. Mwaka 2005 alikuja Tom Ritchey, Mmarekani ambaye ni mmoja wa waanzilishi wa baiskeli za milimani. Aliziona hizi za mbao akashangaa, na mwaka 2006 yakafanyika mashindano ambayo baiskeli za mbao nazo zilishindana. Kutoka kwenye kazi hiyo ndiyo ilikuja timu ya baiskeli ya Rwanda. Na mnakumbuka mwezi wa 9 mwaka 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli yalifanyika hapa Kigali, mara ya kwanza Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa kilomita 267.5, akashinda Pogačar, na waliomaliza walikuwa 30 tu. Nilisimama pembeni ya barabara kama wote. Watu walipiga kelele kwenye kupanda. Mimi nilikuwa naangalia kushuka, naangalia uma wa mbele wa zile baiskeli umelazwa pembe gani. Fundi alikuwa ameshaniharibu.

Historia ya upande wa pili

Sasa skate. Kwanza turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1817 kule Mannheim, Ujerumani, bwana mmoja Karl von Drais alitengeneza mashine ya mbao ya magurudumu mawili, unakaa na kusukuma kwa miguu chini. Ndiyo bibi wa baiskeli zote. Haina pedali, ni mbao, gurudumu la mbele linageuka. Ukiiona picha utasema huyu mtu alipita Goma! Wapo wanahistoria wanaosema aliitafuta juu farasi walikuwa wanakufa njaa: mwaka 1815 volkano ya Tambora, Indonesia, ililipuka, na mwaka 1816 Ulaya ilikosa jua na mavuno. Wengine wanabisha. Lakini sisi watu wa Nyiragongo tunajua volkano inaweza kubadilisha namna watu wanavyosafiri.

Mwaka 1863, New York, James Plimpton alitengeneza viatu vya magurudumu manne ambavyo unageuka kwa kulaza mguu tu. Siri yake ilikuwa ile ekseli kufungwa kwa mshazari, na kipande cha mpira kati yake na kiatu. Ukilalia kulia, magurudumu yanageuka kulia, na mpira unakurudisha. Kitu hicho kiko mpaka leo chini ya kila skate, wenyewe wanakiita traki.

Skate yenyewe ilitoka California miaka ya 1950, vijana wa mawimbi walipiga magurudumu ya viatu chini ya ubao. Lakini magurudumu ya zamani yalikuwa ya chuma au udongo mgumu, kajiwe kadogo tu kanakutupa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Frank Nasworthy alileta magurudumu ya plastiki laini, yanashika lami. Hapo watu wakaanza kutafuta mlima. Mwaka 1975 wakafanya mashindano ya kushuka Signal Hill, karibu na Long Beach.

Angalieni miaka hiyo vizuri. Miaka ya 1970, Signal Hill wanashuka, na miaka hiyo hiyo Kibumba wanashuka. Wale kwa mchezo, hawa kwa viazi. Lakini mteremko hauulizi umekuja kufanya nini. Shida ilikuwa moja: kitu kinachogeuka vizuri polepole, kikikimbia kinatetema. Ndiyo kilichomvunja yule kijana wetu mkono.

Kinatetema kwa nini?

Hapa nitaeleza taratibu. Mimi nilisoma sekondari tu, kama nimeelewa mimi, nanyi mtaelewa.

Kwenye skate hakuna usukani. Unalaza ubao, traki inageuza magurudumu. Inageuza kiasi gani? Inategemea pembe ambayo traki imefungwa. Ukilaza ubao nyuzi 10, traki ya pembe 50 inageuza magurudumu karibu nyuzi 12. Ya pembe 35 inageuza karibu nyuzi 7. Ya pembe 20 inageuza karibu nyuzi 4 tu. Kwa hiyo mguu wako ukitikisika kidogo kwa woga, ile ya 50 inatikisika sana, ile ya 20 inakusamehe.

Ndiyo maana watu wa mteremko walianza kubadilisha traki zao. Traki za Randal, zilizopendwa sana na watu wa kushuka, ziliuzwa na bamba la nyuzi 50 na bamba lingine la nyuzi 35. Wengine waliweka vipande vya mbao au plastiki vyenye mshazari chini ya traki ili kubadilisha pembe. Halafu wakagundua kitu kikubwa zaidi: mbele na nyuma zisiwe sawa. Mbele igeuke zaidi, nyuma igeuke kidogo sana, na mwili wako uegemee mbele. Juu ikiwa nyuma inageuka sana kama mbele, nyuma nayo inataka kuongoza. Inakuwa kama gari la madereva wawili. Mmoja anarekebisha, mwingine anarekebisha marekebisho ya mwenzake, na mtetemo unakua mpaka mnaanguka. Leo wapo wanaoshuka na nyuma iliyolazwa karibu isigeuke kabisa. Mwaka 2017 kule Québec, Kanada, Peter Connolly alishuka na skate kwa kilomita 146.73 kwa saa, na akabaki amesimama.

Sasa turudi kwenye chukudu. Gurudumu la nyuma la chukudu linageuka? Hapana. Halijawahi kugeuka. Nyuzi sifuri tangu siku ya kwanza.

Niliposoma hiyo habari nilikaa kimya. Vile vibao vya watoto wetu, mbele inageuka na nyuma imepigwa misumari, vilikuwa sawa. Waliiga chukudu bila kujua. Mimi na video yangu ndiyo nilitoa misumari.

Vidole vinne

Kesho yake nilikwenda kwa Fundi na kalamu, na kile kiboksi cha hesabu cha shule, chenye rula na kipimapembe. Alikuwa anaanza kumtengenezea jirani chukudu ndogo ya kubebea maji na kuni. Macho yake siyo mazuri tena, anapima kwa mikono.

Aliniambia sheria tatu. Ya kwanza: nyuma isigeuke. Ya pili: mzigo mzito uwe chini na katikati, usining'inie nyuma, juu ukining'inia nyuma mbele inakuwa nyepesi na inaanza kucheza. Ya tatu ndiyo ilinichukua muda kuielewa. Alisema: "Gurudumu lifuate, lisiongoze."

Alichukua fimbo nyoofu akailaza sambamba na ule mti wa usukani unaoshuka kwenye gurudumu, mpaka fimbo ikagusa chini. Akaweka alama ya makala. Halafu akashusha uzi wenye jiwe kutoka katikati ya gurudumu mpaka chini. Alama nyingine. Alama ya jiwe ilikuwa nyuma ya alama ya fimbo. Akaweka mkono katikati: vidole vinne bila gumba. "Hapa," alisema. "Vidole viwili, itageuka vizuri sokoni lakini Kibumba itakuua. Mkono mzima na zaidi, itashuka moja kwa moja, lakini kona hutapata."

Maana yake ni hii. Sehemu gurudumu linapogusa ardhi iko nyuma ya ule mstari wa usukani. Kwa hiyo gurudumu linavutwa, kama mbuzi nyuma ya kamba. Mbuzi akienda pembeni, kamba inamrudisha. Lakini ukimsukuma mbuzi kutoka nyuma, anakwenda anakotaka. Watengenezaji wa baiskeli wanapima umbali huo huo kwa milimita, na usukani wa pikipiki yoyote inayopita hapa Nyabugogo umelazwa kwa sababu hiyo hiyo.

Nilipima. Mti wa usukani ulilala nyuzi 70 kutoka ardhini. Kutoka katikati ya gurudumu mpaka chini sentimita 20. Nikafanya tanjenti kama tulivyofundishwa: 20 gawanya kwa tanjenti ya 70, inatoka sentimita 7.3. Nikapima vidole vinne vya Fundi kwa rula. Sentimita 7 na nusu hivi.

Nikamuuliza, na kama gurudumu ni dogo? Hakufikiri hata kidogo: "Unalaza mti zaidi." Hesabu inasema hivyo hivyo. Gurudumu la sentimita 10 kwa nyuzi 70 linatoa sentimita 3.6 tu, vile vidole viwili vyake vya kukuua. Fundi hakusoma tanjenti. Alijifunza kwa mjomba wake, na mjomba alijifunza kwa watu waliovunjika.

Kwa nini naandika

Wale wa Signal Hill wana picha, wana majarida, wana hataza tangu Plimpton, wana namba zao zote. Mtu akitaka kujua kwa nini nyuzi 35 na siyo 50, anafungua simu. Yetu iko kwenye vidole vya wazee. Na wazee wetu wametawanyika: wengine Kiziba, wengine Mahama, wengine Mugombwa, wengine walipelekwa nchi za mbali, wengine tumewazika hapa. Kambini hakuna Kibumba ya kushusha viazi, kwa hiyo hakuna kijana anayejifunza kazi hiyo. Ikipita miaka kumi mingine, itabaki sanamu ya dhahabu tu, na sanamu haiwezi kukuambia vidole vingapi.

Na mimi nilikuwa wa kwanza kudharau. Nilimwamini mtu wa kwenye video ambaye sikumwelewa, nikaacha kumuuliza mzee anayeishi nyumba ya sita kutoka kwetu. Mkono wa yule kijana umepona, ameshanisamehe, lakini ukiinyoosha unaona haujanyooka kabisa. Kila nikiuona nakumbuka.

Vibao tumevirudisha. Nyuma tumepiga misumari. Mbele tumelaza mshazari kidogo, Fundi mwenyewe amesimamia. Kuna breki ya tairi nyuma, na hakuna mtu anayeanzia kwenye tangi. Vijana wanashuka, na kibao kinakwenda kimenyooka kama kimeshikwa na mtu.

Mimi niko Kigali miezi hii kwa mafunzo, nitarudi kambini yakiisha. Ombi langu kwenu ni moja. Kama katika block yenu kuna mzee aliyetengeneza chukudu, nendeni na rula na uzi wenye jiwe. Mpimeni mti wa usukani umelala nyuzi ngapi, gurudumu lina ukubwa gani, vidole vyake ni vingapi. Mwandike ametoka wapi, Masisi, Rutshuru, Kibumba au Walikale, juu pengine kila mlima una vidole vyake. Lakini kabla ya kuweka jina la mzee kwenye kundi, muulizeni kama anakubali. Tukipata kumi tu, tutakuwa na kitabu kidogo.

Fundi ananiambia niwasalimie. Anasema mkija, mje na kalamu.